Nani Aliyejenga Makanisa ya Quito?



Jumapili moja baada ya Misa, mwanamume mmoja wa parokia yetu alitoa simu yake mfukoni akatuonyesha picha. Rafiki yake alikuwa amezuru mji wa Quito, mji mkuu wa nchi ya Ekuador, huko Amerika ya Kusini, juu ya milima ya Andes. Ni mji ule ambao mwezi wa Septemba 2024 ulipokea Wakristu wa mataifa mengi waliokuja katika Kongamano la Ekaristi. Tukasongamana, wazee kwa vijana, tukitazama. Picha ya kwanza, kanisa la mawe lenye kiwanja kikubwa mbele yake. Picha ya pili, kanisa ambalo ndani yake lote ni dhahabu: kuta dhahabu, nguzo dhahabu, altare dhahabu, hata dari dhahabu.

Mzee mmoja akasema: "Mnaona? Wazungu waliwapenda watu wale kuliko sisi. Wao walijengewa kanisa la dhahabu, sisi tulijengewa la matofali."

Kijana mmoja mwanafunzi akamjibu kwa ukali: "Baba, dhahabu hiyo ni ya wizi. Kanisa la namna hii lifungwe, au liwe nyumba ya kutazamia mambo ya kale tu."

Wakaanza kubishana. Mimi nilinyamaza siku ile, kwa maana jua lilikuwa kali na tumbo lilikuwa tupu. Leo nataka kuwajibu wote wawili. Nasema wazi: mzee amekosa, na kijana amekosa, tena kosa lao ni lile lile. Wote wawili wamefikiri kwamba kanisa lile lilijengwa na Wazungu. Mmoja anawashukuru, mwingine anawalaani, lakini wote wamewapa Wazungu kazi ambayo mikono yao haikuifanya.

Mji juu ya majivu

Kwanza tuujue mji wenyewe. Quito uko mita 2,850 juu ya bahari, chini ya mlima wa moto uitwao Pichincha. Mgeni atokaye nchi ya chini hupanda ngazi kumi tu, akasimama kuhema.

Kabla ya Wahispania palikuwa na mji wa Wainka mahali pale. Mwaka 1533 Wahispania walimwua mfalme wa Wainka, Atahualpa. Mwaka uliofuata jemadari wake Rumiñahui aliuteketeza mji kwa moto ili usianguke mikononi mwao. Tarehe 6 Desemba 1534, Sebastián de Benalcázar akaweka mji wa Kihispania juu ya majivu yale. Mwaka 1563 mfalme wa Hispania aliweka hapo baraza kuu la hukumu na utawala, lililoitwa Audiencia. Hivyo Quito ukawa mji mkuu wa nchi iliyotawaliwa na wageni, mpaka vita vya Pichincha vya tarehe 24 Mei 1822 vilipomaliza utawala huo.

Mwaka 1978 mji wa zamani wa Quito uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Quito pamoja na Kraków wa Polandi ndiyo miji ya kwanza kabisa kupata heshima hiyo. Tangu hapo wageni hawaishi kufika. Wanapiga picha, wananunua kofia, wanarudi kwao.

Sasa sikilizeni jambo moja. Ukutani mwa Kanisa Kuu la Quito, kwa nje, yameandikwa majina ya Wahispania walioanzisha mji. Kila mpita njia anaweza kuyasoma. Lakini majina ya watu waliochonga mawe, waliobeba mawe na waliopanga mawe, je, yameandikwa ukuta gani? Hapo ndipo penye maneno yangu ya leo.

Mikono ya nani?

Kanisa lile lenye kiwanja kikubwa ni la Mtakatifu Fransisko. Mapadri Wafransisko walianza kulijenga katika miaka ya kwanza ya mji. Mkubwa wao alikuwa Jodoco Ricke, mtu wa Mechelen, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji. Ndiyo, ndugu, nchi ile ile walikotoka Mapadri wengi waliotuletea sisi Injili. Watu wa Quito husimulia kwamba ndiye aliyepanda ngano ya kwanza huko. Jambo moja jema ni hakika: yeye na wenzake walianzisha shule, na katika shule ile watoto wa wenyeji walifundishwa kusoma, kuimba, kupiga vinanda, kuchora na kujenga.

Wenyeji hao Wahispania waliwaita Waindio. Tusiwachanganye na Wahindi wa Bara Hindi. Hawa ni wana wa Amerika yenyewe. Basi ni Waindio waliojenga San Francisco. Katika hati za zamani yamebaki majina mawili, la baba na la mwana: Jorge de la Cruz Mitima na Francisco Morocho. Kwa ajili ya kazi yao walipewa shamba. Majina mawili! Na je, wale wengine waliofanya kazi pamoja nao? Wamepotea kama moshi.

Na lile kanisa la dhahabu? Ni la Wayezuiti, nalo huitwa La Compañía. Lilianzwa mwaka 1605, likamalizika mwaka 1765. Hesabuni wenyewe: miaka 160. Mtu alichonga jiwe, akafa; mwanawe akachonga, akafa; mjukuu wake naye akachonga, akafa, na kanisa bado. Tena mjue kwamba dhahabu ile si mabamba mazito. Ni dhahabu iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kisha ikabandikwa juu ya mbao zilizochongwa. Bei kubwa haiko katika dhahabu peke yake. Iko katika vidole vilivyochonga mbao zile na kubandika ngozi ile kipande kwa kipande.

Tena wenyeji hawakuwa wabeba mawe tu. Mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa sanamu katika Quito alikuwa Mwindio, Manuel Chili, aliyejulikana kwa jina la Caspicara. Sanamu zake za Kristu na za watakatifu huhesabiwa leo kuwa kati ya kazi nzuri za Amerika yote. Mwingine, Bernardo de Legarda, alichonga mwaka 1734 sanamu ya Bikira Maria mwenye mabawa, ambayo iko juu ya altare kuu ya San Francisco. Katika karne yetu iliyopita waliitengeneza upya sanamu ile kwa ukubwa wa kutisha, wakaisimamisha juu ya kilima cha Panecillo, ionekane na mji wote.

Basi mzee wangu, nani aliyemjengea nani? Wale watu hawakujengewa. Walijenga.

Hadithi ya Cantuña

Watu wa Quito wana hadithi moja wanayopenda kuwasimulia wageni. Wanasema Mwindio mmoja, Cantuña, alipewa kazi ya kujenga kiwanja cha mbele ya San Francisco. Siku zikaisha, kazi haijaisha. Akiwa katika hofu, Cantuña akamwita shetani wakafanya mapatano: mashetani wajenge usiku kucha, na kiwanja kikimalizika kabla ya mapambazuko, roho ya Cantuña iwe yao. Mashetani wakajenga mbio mbio. Alfajiri Cantuña akatazama vizuri, akakuta jiwe moja limekosekana. Mapatano yakavunjika, roho yake ikapona.

Wageni hucheka, na kweli hadithi inachekesha. Lakini mimi haikunichekesha sana. Kwa nini? Kwa sababu watu walipoona kazi kubwa vile, walikuwa tayari kusadiki kwamba imefanywa na mashetani, kuliko kusadiki kwamba imefanywa na Waindio. Afadhali heshima apewe shetani, kuliko apewe jirani maskini! Je, jambo hilo ni geni kwetu? Mara ngapi mwenzetu akifanya kazi nzuri tunanong'ona: "Ana dawa huyo, si bure"? Ni dhambi ile ile: kumnyang'anya mtu kazi ya mikono yake.

Fimbo na kufuli

Sasa nageuka kwa kijana, maana yeye naye ana sehemu ya ukweli, tena sehemu kubwa.

Watu wale hawakufanya kazi kwa hiari yao wote. Katika utawala wa Hispania kila kijiji cha Waindio kililazimishwa kutoa wanaume kwa zamu, waende kufanya kazi walikoamriwa. Kazi hiyo iliitwa mita. Tena kila mwanamume mzima alilipa kodi kwa sababu tu ya kuwa Mwindio. Nchi ya Quito ilipata utajiri kwa nguo za sufu, zilizofumwa katika nyumba za kazi zilizoitwa obraje, na kuuzwa mbali katika nchi za Peru. Ndani ya nyumba hizo watu walifungiwa kwa kufuli tangu asubuhi mpaka usiku, na asiyemaliza kipimo chake alionja fimbo.

Mtu asiseme kwamba haya ni maneno ya maadui wa Hispania. Mwaka 1736 walifika Quito maofisa wawili vijana wa merikebu za mfalme wa Hispania, Jorge Juan na Antonio de Ulloa, pamoja na wataalamu Wafaransa waliokuja kupima umbo la dunia. Waliporudi kwao walimwandikia serikali yao taarifa ya siri juu ya maovu waliyoyaona, nayo ikapigwa chapa London mwaka 1826. Wakaeleza mambo ya obraje; wakaeleza pia habari za mapadri waliowatoza Waindio mali kwa sikukuu na maziko. Waliosema hivyo walikuwa Wakatoliki na watumishi wa mfalme mwenyewe. Basi sisi tufiche nini?

Na kuna jambo moja linalotugusa sisi Wakongo zaidi.

Kaskazini ya Quito kuna bonde la joto liitwalo Chota. Huko Wayezuiti walikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Nani alilima miwa? Watumwa waliotolewa Afrika. Mapato ya mashamba yalilisha vyuo na nyumba za Shirika. Wajukuu wa watumwa wale wako Chota mpaka leo. Vijana wengi wa bonde lile walichezea timu ya Ekuador ilipoingia Kombe la Dunia la mpira mwaka 2002 na mwaka 2006. Nao wana majina ya jamaa waliyorithi kwa babu zao. Na moja la majina hayo, ndugu zangu, ni Congo. Ndivyo walivyoandikwa watu waliochukuliwa kutoka pande za ufalme wa zamani wa Kongo, magharibi ya nchi yetu. Jina la nyumbani walinyang'anywa. Wakabakishiwa jina la nchi, kama alama ya mzigo.

Tusiseme kwamba watu wa Kanisa wote walikuwa na moyo mmoja. Katika bandari ya Cartagena, Mtakatifu Petro Klaveri, Myezuiti pia, aliteremka ndani ya merikebu za watumwa, akawaosha wagonjwa, akawalisha, akawabatiza, akajiita mtumwa wa watumwa. Shirika lile lile! Mmoja anaosha vidonda vya mtumwa, na wenzake wanamwandika mtumwa katika daftari la mali. Ndiyo maana hatuwezi kusema "Kanisa lilifanya vema" tukanyamaza, wala kusema "Kanisa lilifanya vibaya" tukanyamaza.

Mzuru mwingine wa Quito

Mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza Wayezuiti katika nchi zake zote. Mashamba ya Chota na watumwa wake wakaingia mikononi mwa serikali yake. Mateso hayakupungua. Mwaka 1778 mwanamke mmoja mtumwa, Martina Carrillo, wa shamba la La Concepción, alitoka na wenzake wachache wakaenda kwa miguu mpaka Quito. Wakapita milima na baridi, watu wa bonde la joto, ili wafike mbele ya Rais wa Audiencia kumwambia: tunakosa chakula, tunakosa nguo, tunapigwa kupita kiasi. Wakapeleka malalamiko yao. Kisha wakarudi shambani, na huko msimamizi akawapiga mijeledi kwa kuthubutu kusema.

Ndugu, huyu naye alizuru Quito. Alipita katika njia zile zile ambazo wageni wa leo wanapita. La Compañía lilikuwa limemalizika miaka 13 tu kabla yake, dhahabu yake bado mpya. Kama aliingia kusali au hakuingia, Mungu ajua. Lakini nawauliza: nani aliujua mji wa Quito vizuri zaidi, yeye au mwenye simu aliyepiga picha mia na asiulize swali hata moja?

Hata siku hizi wako watu ambao mji hautaki waonekane katika picha. Mwaka 2003 maelfu ya wachuuzi, wengi wao Waindio, waliondolewa katika njia za mji wa zamani, wakahamishwa katika nyumba za soko, mji upate kupendeza. Najua, njia zilikuwa zimeziba, na kila serikali ya mji ina haki ya kutengeneza njia zake. Lakini mama auzaye matunda kwenye ngazi za San Francisco si takataka juu ya ngazi. Huenda ni mjukuu wa yule aliyezijenga.

Jibu kwa kijana

Sasa, mwanangu mwanafunzi, umesikia kwamba sikuficha kitu. Lakini neno lako la kufunga kanisa silikubali.

Ukilifunga, umemfungia nani? Mfalme wa Hispania alikwisha kwenda zamani. Utawafungia wajukuu wa wajenzi, ambao kila Ijumaa Kuu wanajaa njia za Quito wakimfuata Yezu aliyebeba msalaba. Unataka kuwaambia: babu zenu walinyang'anywa jasho, na sasa ninyi mnyang'anywe hata kile jasho lilichozaa? Hiyo si haki. Huo ni wizi wa pili. Caspicara alipochonga uso wa Kristu hakuchonga uso wa Gavana. Alimpa Mungu kilicho chema kuliko vyote alivyokuwa navyo. Wewe ni nani umrudishie?

Deni lipo. Na dawa ya deni ni kulipa, si kuvunja nyumba. Kanisa lenyewe limeanza kusema hivyo kwa kinywa wazi. Mwezi wa Februari 1992, katika kisiwa cha Gorée nchini Senegal, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha kwa ajili ya Wakristu walioshiriki biashara ya watumwa. Mwezi wa Julai 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alizuru Quito. Tarehe 7 alizungumza na watu ndani ya kanisa lile la San Francisco, akaingia pia La Compañía. Siku mbili baadaye, nchini Bolivia, aliomba msamaha kwa makosa ya Kanisa lenyewe dhidi ya wenyeji wa Amerika wakati wa kutekwa kwa nchi zao. Hakubomoa ukuta, na hakuficha deni. Ndiyo njia ya Kikristu.

Jibu kwa mzee, na kwetu sote

Na wewe mzee wangu, shikamoo yako, lakini nisamehe. Umesema sisi tulijengewa kanisa la matofali. Nani alitujengea? Padri alipima, ni kweli. Padri alitafuta mali, ni kweli, na wengine walikufa kwa homa kabla ya kuona paa. Tunawashukuru. Lakini udongo ulikanyagwa na nani? Matofali yalichomwa na nani? Nani alibeba mbao kichwani kutoka msituni? Ni baba zako na mama zako! Wewe mwenyewe uliwahi kunieleza kwamba ulipokuwa mtoto ulipanga mstari na wenzako, kila mmoja tofali moja kichwani. Na leo wasema "tulijengewa"!

Wasomaji wapenzi, tazameni Injili. Yezu alikaa mbele ya sanduku la sadaka hekaluni, akamwona mjane akitoa sarafu zake mbili. Aliwaita wafuasi wake wamtazame. Mara walipotoka nje, mfuasi mmoja akaanza kusifu mawe makubwa na majengo mazuri. Kumbe, alikuwa ameonyeshwa mjane, na yeye ameona mawe! Bwana wetu hakusifu mawe. Macho yake yalikuwa kwa mtu.

Hapa kwetu kuna parokia moja iliyofanya sikukuu ya jubilei. Kikatolewa kitabu kizuri. Ndani yake kuna orodha ya Mapadri wote tangu wa kwanza, na picha zao. Nilitafuta fundi wa kwanza wa matofali, sikumwona. Nilitafuta katekista aliyetangulia kuja kabla ya Padri yeyote, nikakuta maneno haya: "pamoja na msaada wa wenyeji." Basi. Maisha ya watu mia, maneno matano.

Huo ndio ukuta wa Kanisa Kuu la Quito, umefika kwetu. Wao wa Quito wamebakiwa na majina mawili kwa San Francisco yote, na hawawezi kuyarudisha mengine. Sisi bado tunaweza. Wazee waliobeba matofali wangali hai, wachache, tena kila kiangazi tunamzika mmoja. Jumapili ijayo, baada ya Misa, kijana yule mwenye ukali na achukue daftari na kalamu, aende akakae karibu na mzee yule, amwulize: nani alikanyaga udongo? Nani alichoma matofali? Alikuwa mtoto wa nani, wa kijiji gani?

Na aandike majina.